AVHRR, MODIS, Landsat au Sentinel-2: uchague ipi kufuatilia uoto wa nchi za theluji?

Aliyejifunzia kazi ya setilaiti kwenye uoto wa Afrika Mashariki huingia Aktiki na mazoea mawili yanayomponza. Kwanza, anatazamia mvua ndiyo iamue kijani kianze lini. Kule mvua ina usemi mdogo. Wenye usemi ni joto na siku theluji inapoondoka. Pili, anaamini NDVI (namba ya setilaiti inayopima ukijani wa ardhi) ikipanda basi majani yameota. Kwa mbuga za Serengeti au mashamba ya Machakos imani hiyo haimpotezi sana. Kaskazini mwa Sweden, kila Mei na Juni, NDVI hupanda kwa kasi kabla jani hata moja halijafunguka.

Kwa hiyo anayeuliza "nitumie setilaiti gani?" anastahili jibu refu kidogo. Hapa nalinganisha vyanzo vinne vinavyotumika zaidi kufuatilia majira ya mimea kwenye tundra (nchi baridi isiyo na miti) na taiga (misitu ya kaskazini yenye miti ya majani ya sindano): AVHRR ya setilaiti za NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, MODIS (pamoja na mrithi wake VIIRS), Landsat, na Sentinel-2 ya Ulaya. Mara nyingi mfano wangu utakuwa Abisko, kaskazini mwa Sweden, kwenye nyuzi 68 za latitudo, ambako misitu mifupi ya betula (birch) inateremka hadi ziwa Torneträsk na juu yake kuna tundra tupu.

Mizani tutakayotumia

Vyote vinne nitavipima kwa mambo matano yaleyale: kumbukumbu zinaanzia mwaka gani, setilaiti inapita juu ya sehemu moja mara ngapi, pikseli moja inafunika ardhi kiasi gani, data zinakusaidiaje kutofautisha theluji na majani, na kazi yenyewe itakula muda, kompyuta na bando kiasi gani. Bei ya picha haimo kwa sababu zote ni bure. Landsat ndiyo iliyokuwa ikiuzwa, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2008.

NDVI, kwa asiyeifahamu, ni tofauti kati ya mwanga wa infraredi ya karibu na mwanga mwekundu unaorudi kutoka ardhini, ikigawanywa kwa jumla ya mianga hiyo miwili. Jani bichi hufyonza mwekundu na kurudisha infraredi, namba ikaelekea 1. Theluji huirudisha yote miwili karibu sawasawa, namba ikabaki jirani na sifuri. Ukishika hilo tu, nusu ya matatizo ya Kaskazini umeshayaelewa.

Kumbukumbu zinaanzia lini

AVHRR ndiyo mzee wa kundi. Ilitengenezwa kwa ajili ya utabiri wa hali ya hewa, lakini mfululizo wake wa NDVI unaanzia mwaka 1981. Toleo maarufu, GIMMS NDVI3g, lina picha mbili kwa kila mwezi kuanzia mwaka huo hadi 2015. Data za ukoo huu ndizo zilizomwezesha Myneni na wenzake, mwaka 1997, kuonyesha kwamba uoto wa latitudo za juu za Kaskazini uliongezeka kati ya 1981 na 1991. Ni ukoo huohuo uliotumiwa kwa miaka mingi na FEWS NET, mtandao wa kutoa tahadhari ya njaa, kufuatilia ukame wa Pembe ya Afrika, hivyo huenda tayari umekutana nao bila kujua.

Landsat kwa makaratasi inaishinda. Ya kwanza iliruka 1972, na picha za mita 30 zilianza miaka ya 1980. Landsat 5 ilirushwa 1984 na kufanya kazi hadi miaka ya 2010. Sasa tunatumia Landsat 8, ya 2013, na Landsat 9, ya 2021. Tatizo ni kwamba miaka ya 1980 na 1990 picha hazikupigwa kila mahali. Zilipigwa palipokuwa na kituo cha kupokea na palipokuwa na mtu wa kuzihitaji. Alaska na nchi za Skandinavia zina akiba ya kuridhisha, lakini mashariki ya Siberia kuna miaka mizima isiyo na kitu cha maana. Kabla hujaandika pendekezo la utafiti la "miaka arobaini ya Landsat Yakutia", fungua EarthExplorer, tovuti ya picha ya USGS (idara ya jiolojia ya Marekani), uhesabu picha zilizopo, mwaka kwa mwaka.

MODIS ilianza kutoa data Februari 2000 kwa setilaiti ya Terra, ikafuatwa na Aqua mwaka 2002. VIIRS imo angani tangu mwishoni mwa 2011. Sentinel-2A iliruka Juni 2015, ya pili Machi 2017, ya tatu Septemba 2024. Kwa mabadiliko ya tabianchi, Sentinel-2 bado ni changa: miaka kumi haitoshi kutenganisha mwelekeo wa kweli na miaka miwili mitatu yenye majira mabaya.

Inapita mara ngapi

Kwenye kigezo hiki ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu huangalia pikseli kwanza. Betula za Abisko hufungua majani ndani ya muda mfupi sana, wiki mbili au tatu hivi kutoka vichipukizi hadi majani kamili. Usipopata picha safi ndani ya muda huo, hata pikseli ya mita 10 haitakuambia tarehe.

Kaskazini ina upendeleo mmoja. Setilaiti hizi huzunguka karibu na ncha za dunia, kwa hiyo njia zake hukaribiana kadiri unavyopanda, na eneo moja huonekana kutoka njia kadhaa. Sentinel-2 mbili ambazo huku ikweta hurudi kila baada ya siku 5, pale Abisko hupita karibu kila siku moja au mbili. Landsat mbili zinazorudi kila siku 8 kwetu hufika kama kila siku tatu. MODIS, yenye ukanda wa kilomita 2,330 kwa kila mpito, hupita mara kadhaa kwa siku moja, na AVHRR vivyo hivyo.

Sasa ongeza mawingu. Tuseme mpito mmoja kati ya mitatu ndio usio na wingu. MODIS itakupa siku moja safi kati ya tatu, Sentinel-2 picha moja kila siku tatu hadi sita, Landsat mbili kwa pamoja picha moja kila siku tisa hivi. Zama za Landsat 5 peke yake, pengo ni zaidi ya wiki mbili, yaani kipindi chote cha kuchipua kinaweza kupita bila picha hata moja. Tena mawingu hayagawiwi kwa haki. Pwani za Bahari ya Aktiki zinaweza kukaa chini ya wingu zito siku nyingi mfululizo.

Ndiyo maana tafiti kubwa za Landsat kwenye tundra huepuka tarehe na kupima kijani cha kilele cha majira ya joto. Ule wa Berner na wenzake wa mwaka 2020 ulifanya hivyo kwa miaka 1985 hadi 2016, ukakuta karibu asilimia 37 ya sehemu walizochukua sampuli zimeongezeka kijani na asilimia kama 5 zimepungua. Hilo ni jibu zuri la swali la "kiasi gani". Kwa swali la "lini", Landsat peke yake ni dhaifu.

AVHRR ina kasoro nyingine ambayo kupita mara nyingi hakuiondoi: bidhaa ya GIMMS imeshakusanya siku 15 kuwa picha moja. Ukiambiwa kijani kilianza siku nne mapema kuliko mwaka uliopita, kumbuka tarehe hiyo imekisiwa kwa kuchora mstari kati ya nukta zilizo mbali hivyo.

Pikseli na ardhi yenyewe

GIMMS: kilomita 8 kwa 8, kilomita za mraba 64. MODIS: mita 250 kwa mwanga mwekundu na infraredi, yaani hekta 6.25 au ekari 15 na ushei. Landsat: mita 30, chini kidogo ya robo ekari. Sentinel-2: mita 10 kwa bendi za NDVI na mita 20 kwa nyingine kadhaa.

Kwenye msitu mpana wa misprusi (spruce, jamaa ya msonobari) wa Siberia, tofauti hizi hazisumbui sana. Kwenye tundra zinasumbua, kwa kuwa upepo ndio unaopanga theluji. Mgongo wa kilima hupeperushwa ukabaki mtupu mapema, wakati bonde lililo hatua chache pembeni limejaza theluji inayokaa wiki kadhaa zaidi. Mierebi mifupi hujikusanya kando ya vijito, kuvumwani (lichen) hutawala penye mawe, na katikati kuna madimbwi. Pikseli ya MODIS huchanganya vyote hivyo ndani ya namba moja, na mimea inayoanza mapema huvuta tarehe ya wote. Pikseli ya GIMMS pale Abisko ingebeba ziwa, msitu na mlima kwa pamoja. Siilaumu: ilikusudiwa kwa ramani ya bara zima, na huko inafanya kazi yake vizuri.

Theluji, mtego mkuu

Chukua mteremko mmoja wa betula juu ya Abisko. Aprili yote ni nyeupe, NDVI iko jirani na sifuri. Mwishoni mwa Mei theluji inaanza kutoboka. Chini yake kuna nyasi kavu za mwaka jana, vijiti, na vichaka vidogo vinavyobaki na majani mwaka mzima. Vitu hivyo havijaota, lakini NDVI yake ni kubwa kuliko ya theluji, kwa hiyo namba inapanda kila kiraka kinapofunguka. Halafu katika Juni betula zinatoa majani na namba inapanda tena. Kwenye grafu yenye nukta moja kila siku 16 miinuko hiyo miwili inaungana kuwa mmoja. Programu inayotafuta siku NDVI ilipofika nusu ya mwinuko itakupa tarehe iliyoko kati ya kuyeyuka kwa theluji na kuota kwa majani, isiyo ya lolote kati ya hayo mawili.

Kwa misonobari na misprusi hali ni mbaya zaidi. Majani yake ya sindano yapo kijani mwaka mzima. Kinachoonekana kama "kuchipua" mara nyingi ni theluji kudondoka kutoka matawini na kuondoka sakafuni.

Je, vyanzo vyetu vinakusaidiaje? Silaha kubwa ni bendi (sehemu ya mwanga inayopimwa peke yake) ya infraredi ya mawimbi mafupi. Theluji hufyonza mwanga huo, mawingu huurudisha, kwa hiyo unaweza kuvitenganisha vitu viwili ambavyo kwa macho vyote ni vyeupe. Sentinel-2, Landsat na MODIS zote wanayo. GIMMS inakuja kama NDVI iliyokwisha kupikwa na alama za ubora tu; bendi ya kukagua theluji mwenyewe huna.

MODIS imejipanga vizuri kuliko wote hapa kwa bidhaa zilizo tayari. MOD10A1 ni ramani ya theluji ya kila siku, mita 500. MCD12Q2 hutoa tarehe za majira kwa kila mwaka: kuanza kijani kwa asilimia 15 ya mwinuko, nusu kwa 50, kukomaa kwa 90, halafu kushuka kwa hatua hizohizo, na siku zenye theluji hujazwa thamani ya ardhi isiyo na theluji kabla ya hesabu. Mtu akianza na hii hakosi pa kushika.

Sentinel-2 ina faida iliyofungwa na mipaka: kwa nchi za Ulaya, Copernicus (mpango wa Ulaya wa kuichunguza dunia) hutoa bidhaa iitwayo HR-VPP, tarehe za majira kwa mita 10 tangu 2017. Haitegemei NDVI bali PPI, kipimo kilichobuniwa na Jin na Eklundh wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2014 mahususi ili theluji isivuruge hesabu. Kama eneo lako ni Lapland ya Finland au Norway, anzia hapo. Kama ni Alaska au Yamal ya Urusi, utajipikia mwenyewe.

Kwa Landsat hakuna bidhaa ya tarehe inayofunika Aktiki yote kwa kiwango hicho. Alama zake za mawingu na theluji ni nzuri, ila kingo za theluji inayoyeyuka mara nyingine husomwa kama wingu, na ukizifuata kibubusa unapoteza siku zilezile ulizokuwa ukizitafuta.

Vuli ina adha yake, na hapa vyanzo vyote ni sawa. Abisko, mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri halifiki hata nyuzi 20 juu ya upeo. Vivuli vinarefuka, mwanga unapita hewa nyingi, namba zinayumba. Tarehe za mwisho wa majira zina mashaka makubwa kuliko za mwanzo, haijalishi umetumia setilaiti gani.

Kazi na gharama

GIMMS ni nyepesi. Aktiki nzima kwa miaka yote inakaa kwenye kompyuta ya kawaida. MODIS nayo haina tabu: kwa AppEEARS ya NASA unaandika koordinati zako, unachagua bidhaa, unaletewa faili dogo la CSV. Landsat na Sentinel-2 ni mzigo. Kipande kimoja cha Sentinel-2, kilomita 110 kwa 110, kinakaribia GB 1, na msimu mmoja una vipande kadhaa wa kadhaa. Anayelipia bando asijaribu kuvipakua. Afanye hesabu kwenye Google Earth Engine au Copernicus Data Space na kushusha matokeo tu.

Kuna mitego ya kiufundi inayostahili kutajwa. Januari 2022 wachakataji wa Sentinel-2 waliongeza 1,000 kwenye thamani zote za pikseli. Usipoipunguza, NDVI yako inaporomoka kuanzia hapo na utatangaza janga ambalo halipo. Kwenye Earth Engine tumia mkusanyiko wenye neno HARMONIZED. Landsat 8 ina bendi ya infraredi nyembamba kuliko ya Landsat 5 na 7, na NDVI yake hutoka juu kidogo. Bila kusawazisha, "ongezeko la kijani" baada ya 2013 ni la kihisi. Landsat 7 ina michirizi mitupu kwenye kila picha tangu Mei 2003. Terra na Aqua zimeacha kushikilia saa zao za kupita, kwa hiyo mradi unaoanza leo na MODIS uwe na mpango wa kuhamia VIIRS.

Nani achague nini

Unataka mwelekeo wa miaka mingi kwa Aktiki nzima, na eneo dogo halikuhusu: GIMMS, kisha ulinganishe na MODIS kwa miaka ya 2000 hadi 2015 ambayo zote zipo. Zikipingana, usimwamini mzee kwa sababu ya umri wake tu.

Unataka tarehe ya kuanza kijani mwaka hadi mwaka, kwa eneo la wilaya au nchi: MODIS, bidhaa ya MCD12Q2, ukiikagua na ramani ya theluji. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya pili aliye Oulu, Lund au Fairbanks na muda wa muhula mmoja, hili ndilo chaguo lisilo na presha.

Unachunguza kitu kinachobadilika polepole na kinachohitaji macho makali, kama vichaka kutambaa juu ya tundra au eneo lililoungua kurejea: Landsat, kwa kijani cha kilele na si kwa tarehe.

Unafuatilia mteremko mmoja, malisho ya kulungu wa aktiki, au viwavi wanaokula betula: Sentinel-2. Viwavi hao ni kisa kizuri. Mlipuko wa Abisko wa 2012 na 2013 uliacha miti bila majani katikati ya majira ya joto, na kwenye grafu kushuka kwa namna hiyo kunaweza kudhaniwa vuli imewahi. Ukiwa na picha safi kila wiki unaona jinsi kijani kinavyoporomoka Juni na Julai ilhali mteremko wa jirani uko sawa. Kwa miaka ya kabla ya Sentinel-2 itabidi uunganishe Landsat na MODIS, uone moja inasema wapi na nyingine inasema lini.

Umekwama kati ya Landsat na Sentinel-2 kwa miaka ya karibuni: usichague. HLS ya NASA imezisawazisha kwa mita 30, kuanzia 2013, na inatosha kwa kazi nyingi isipokuwa zile zinazodai mita 10 kwelikweli.

Eneo lako ni msitu wa misonobari au misprusi: hakuna kati ya hivi vinne kitakachokuambia kwa uhakika miti ilianza lini kufanya kazi, hasa ukitegemea NDVI. Tumia PPI kama upo Ulaya, au tazama mng'ao hafifu wa klorofili unaopimwa na TROPOMI kwenye Sentinel-5P tangu 2018. Pikseli zake ni za kilomita kadhaa, lakini unapima usanisinuru wenyewe badala ya rangi.

Una fursa ya kufika eneo lenyewe: funga kamera ya bei nafuu kwenye nguzo, kama wanavyofanya mtandao wa PhenoCam, ipige walau picha moja kila adhuhuri kuanzia Aprili. Msimu mmoja wa picha hizo utakuonyesha siku theluji ilipoondoka na siku jani lilipofunguka, na ni kwa siku hizo mbili utapima setilaiti yoyote utakayoichagua.